Kitu kinacheza tumboni: kisome kabla hujakipa jina

Kwenye madirisha ya maduka ya dawa, kuanzia soko la Kilombero, Arusha, hadi stendi ya Moshi, tumbo lina majina manne tu: gesi, minyoo, vidonda na taifodi. Akina mama wana la tano, chango. Mtu anafika na jina lake tayari, muuzaji anampa dawa ya jina hilo, na hakuna aliyeuliza kinachosikika ni nini hasa. Wakati mwingine dawa inaotea. Mara nyingi hali inapoa yenyewe na dawa inapewa sifa isiyo yake. Balaa ni ile mara moja ambapo jina halikuwa lenyewe na siku nne zimeshapotea.

Mwenye maumivu makali yasiyovumilika aache kusoma, atafute usafiri. Hapa tunamzungumzia yule anayesema "kinadunda", "kinatembea", "pamejaa", "panawaka halafu panapoa", na akiulizwa kama anaumwa anajibu: si sana.

Kwanza, mahali. Piga msalaba wa mawazo unaopita kitovuni, upate robo nne. Kulia juu, chini ya mbavu, kuna ini na mfuko wa nyongo. Kushoto juu kuna bandama na sehemu kubwa ya mfuko wa chakula. Kulia chini kuna kidole tumbo na mwanzo wa utumbo mpana. Kushoto chini ni mwisho wake. Kwa mwanamke, robo zote mbili za chini zina mirija ya uzazi na ovari. Kongosho limelala nyuma kabisa, usawa wa chembe ya moyo, ndiyo maana likiuma mgonjwa hushika mgongo.

Halafu jiulize: unaonyesha kwa kidole kimoja au kwa kiganja kizima? Neva za utumbo huingia kwenye uti wa mgongo kwa pande zote mbili na kwa ngazi kadhaa, kwa hiyo ubongo haupati anwani kamili. Ndiyo maana hisia ya utumbo wenyewe huwa katikati na mtu huizungushia kiganja. Ukuta wa tumbo, yaani ngozi, misuli na utando wa ndani, una neva zenye anwani. Hapo mtu hugusa kwa ncha ya kidole. Hisia iliyoanza kwa kiganja ikaishia kwa kidole kimoja ni habari mbaya, tutaiona mbele.

Kuna jaribio dogo linalotenganisha ukuta na vilivyo ndani. Lala chali, tafuta pale panapouma, bonyeza kwa vidole viwili. Bila kuondoa vidole, inua kichwa na mabega kama mtu anayetaka kuketi, mikono ikiwa kifuani. Mtu mwingine akikubonyezea ni rahisi zaidi. Maumivu yakizidi, chanzo huwa ukutani: msuli uliovutika kwa kubeba mkungu wa ndizi au kukohoa wiki nzima, neva iliyobanwa, au ngiri ndogo. Yakipungua, misuli imekaza ikakinga kilichoko ndani. Jaribio hili halimfai mtu mwenye homa au tumbo gumu kama ubao. Huyo hajaribiwi nyumbani.

Kinachodunda

Lala hivyo hivyo, kunja magoti, weka vidole juu kidogo ya kitovu na ubonyeze taratibu. Utausikia mdundo. Huo ni mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, aota, unaoshuka mbele ya uti wa mgongo na kugawanyika karibu na usawa wa kitovu kuelekea miguuni. Kwa mtu mwembamba mdundo huonekana hata kwa macho, hasa baada ya mlo, baada ya kahawa, wakati wa homa, au damu ikiwa pungufu. Shika kifundo cha mkono wako kwa mkono mwingine: midundo ikienda pamoja, huyo si mnyama wala jini, ni damu yako.

Upana wa kawaida wa mshipa huo pale tumboni ni kama sentimita 2. Ukifika 3, umevimba. Weka kiganja kila upande wa mdundo. Kama viganja vinasukumwa kutengana, si kuinuliwa juu tu, nenda upimwe kwa ultrasaundi. Walio hatarini zaidi ni wanaume waliopita miaka 65, hasa waliovuta sigara, na wenye shinikizo la damu. Mdundo unaokuja na maumivu ya ghafla ya mgongo au ubavu, jasho na kuona giza haungoji kesho, na usiendelee kuubonyeza.

Kinachocheza ni kitu kingine. Msuli wa ukuta wa tumbo huweza kurukaruka kama kope linavyocheza: mahali pamoja, sekunde chache, unaacha, unarudi. Uchovu, usingizi mfupi na kahawa nyingi huuchochea. Hauna maana yoyote mpaka misuli ianze kurukaruka mikononi na miguuni pia huku nguvu zikipungua.

Kinachotembea

Utumbo wenye njaa hufanya usafi. Kila baada ya dakika 90 hadi 120 bila chakula, wimbi la mkazo huanzia mfuko wa chakula na kushuka taratibu hadi mwisho wa utumbo mwembamba, likisukuma mabaki, maji na hewa. Mngurumo wa saa tano asubuhi kwa aliyekunywa chai ya rangi tu ndio huo. Watu huwasingizia minyoo. Minyoo mviringo mikubwa hufika sentimita 15 hadi 35, lakini wengi walio nayo hawasikii chochote kikitembea. Hugunduliwa kwa mayai kwenye kipimo cha choo, au mnyoo mwenyewe akijitokeza. Kwa hiyo kipimo cha choo kitangulie dawa. Kama umekuwa ukiingia kwenye mifereji ya mpunga tambarare ya chini ya Moshi, mwambie mpimaji atafute na mayai ya kichocho cha tumbo, ambacho dawa za kawaida za minyoo hazikimalizi.

Vipande vyeupe bapa kwenye choo, mfano wa mbegu za maboga, ni tegu. Wapenzi wa kitimoto kisichoiva sawasawa wanajua tunachosema. Usinunue prazikwanteli ukameza kienyeji, hasa kama umewahi kupata degedege au kichwa kinachouma kusikoisha: mabuu ya tegu wa nguruwe huweza kuwa yamejificha ubongoni, na dawa ikiyapiga bila maandalizi huamsha degedege.

Mawimbi yanayoonekana kwa macho juu ya tumbo lililovimba, choo kimegoma, hata upepo hautoki, na kutapika kumeanza: utumbo umeziba. Hapa Afrika Mashariki utumbo mpana kujisokota ni jambo ambalo madaktari wa upasuaji wanalifahamu vizuri, na hutokea sana kwa wanaume watu wazima. Mafuta ya nyonyo na bomba la maji ya sabuni haviufungui utumbo uliojisokota. Vinaweza kuupasua.

Na mwanamke aliye katika umri wa kuzaa akisikia kitu kinacheza, kipimo cha kwanza ni cha mkojo, hata kama "haiwezekani". Mtoto huanza kusikika kati ya wiki ya 16 na 20 kwa aliyewahi kuzaa, wiki ya 18 hadi 22 kwa mimba ya kwanza. Wengine huendelea kusikia mateke hewa miezi mingi baada ya kujifungua. Utumbo na misuli vinatafsiriwa kwa mazoea, basi. Kilicho hatari ni wiki ya 6 hadi 8 tangu hedhi ya mwisho: maumivu ya upande mmoja chini, damu kidogo ukeni, kizunguzungu, au maumivu ya ajabu kwenye ncha ya bega. Mimba iliyotunga nje ya mji wa uzazi huvuja damu ndani, damu ikafika chini ya kiwambo cha kupumulia, na bega ndilo linalolalamika. Namba ya bure ya mpango wa m-mama, 115, ipo kwa usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua karibuni na watoto wachanga. Iwekwe kwenye simu kabla haijahitajika.

Kujaa, na jiko lenyewe

Tumbo linalojaa jioni na kunywea asubuhi kwa kawaida ni gesi, na gesi nyingi hutengenezwa jikoni. Maharage na makande yana sukari ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzivunja. Bakteria wa utumbo mpana huzila na kutoa hewa. Sukari hizo huyeyuka majini. Loweka saa 8 hadi 12, mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya. Anayepika kwa maji aliyolowekea amezirudisha zote sufuriani. Magadi hulainisha maharage haraka na kuokoa kuni, sawa, lakini yanaongeza sodiamu, na mwenye presha asiyategemee kila siku.

Mbege, pombe ya Wachagga, ni somo la peke yake. Ndizi na kimea cha ulezi vinaendelea kuchacha hata baada ya kumiminwa kwenye kata, na mbege changa humalizia kazi yake ndani ya mnywaji. Mwenye tumbo linalojaa apumzishe wiki mbili kabla ya kutafuta daktari wa gesi. (Tunajua msiba au harusi Machame na Marangu haitamruhusu. Basi walau ainywe iliyokomaa.)

Maziwa: watu wazima wengi hupoteza kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa, ingawa miongoni mwa jamii za wafugaji wa Tanzania na Kenya wengi wanacho hadi uzeeni, utafiti wa kijenetiki wa Sarah Tishkoff na wenzake uliotoka 2007 ulionyesha mabadiliko ya jeni yanayowawezesha. Kwa hiyo majirani wawili wa Arusha wanaweza kunywa kikombe kilekile cha maziwa, mmoja akalala na mwingine akakesha. Acha maziwa yasiyochachwa siku 14, kisha rudisha kikombe kimoja cha mililita 250 tumbo likiwa tupu, uangalie saa 2 hadi 4 zinazofuata. Maziwa mgando huvumilika zaidi kwa sababu bakteria wameshakula sehemu ya sukari hiyo. Loshoro, chakula cha Wamaasai cha mahindi na maziwa mgando, inaweza kumkalia vizuri mtu ambaye chai ya maziwa inamtesa.

Wapagazi na waongoza watalii wa Kilimanjaro wanaijua nyingine. Kadiri unavyopanda, kanieneo ya hewa inashuka na gesi iliyomo tumboni inatanuka. Kileleni Uhuru, mita 5,895, kanieneo ni karibu nusu ya ile ya usawa wa bahari, hivyo hewa uliyoondoka nayo Moshi inataka karibu mara mbili ya nafasi yake. Kujaa na kutoa upepo huko juu ni fizikia. Kichefuchefu pamoja na kichwa kuuma ni ugonjwa wa mwinuko, na dawa yake ya kwanza ni kutopanda zaidi.

Kujaa kusikonywea asubuhi ni habari nyingine kabisa. Mwanamke aliyepita miaka 50 ambaye kwa mara ya kwanza maishani tumbo linajaa karibu kila siku, anashiba kwa vijiko vichache na anakwenda haja ndogo mara nyingi, afanyiwe ultrasaundi ya ovari kabla hajauziwa dawa ya gesi. Uzito na kujaa chini ya mbavu za kulia kunakoongezeka kwa miezi au miaka, kwa mtu anayeishi na mbwa na kondoo, ni hadithi inayofanana na uvimbe wa maji wa ini unaotokana na tegu mdogo wa mbwa. Mbwa humpata kwa kulishwa maini na mapafu mabichi ya mnyama aliyechinjwa, mtu humpata kwa mayai yaliyo kwenye manyoya na kinyesi cha mbwa. Mwambie mpimaji wa ultrasaundi kwamba unaishi na mbwa. Uvimbe wa aina hii hautobolewi sindano kiholela, kwani maji yake yakimwagika mwili unaweza kupata mshtuko wa mzio, na vimelea vikasambaa.

Panapowaka

Moto unaopanda kifuani ukilala au ukiinama ni kiungulia. Maliza kula muda wa saa 3 kabla ya kulala, inua kichwa cha kitanda sentimita 15 hadi 20 kwa matofali (si mito, mito hukunja tumbo), uone wiki mbili zitasema nini. Moto unaokaa kwenye chembe ya moyo, unaoamsha usiku au kubadilika na chakula, unaweza kuwa kidonda. Vyanzo vyake vikubwa ni viwili: bakteria Helicobacter pylori, waliotambuliwa na Barry Marshall na Robin Warren wa Australia mwaka 1982, na dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na asprini. Bibi anayemeza diklofenaki kila siku kwa ajili ya magoti, kisha omeprazoli kwa ajili ya tumbo, anazibua huku anaziba kule.

Kipimo cha bakteria hao kina mtego ambao watu hawaambiwi. Kile cha choo kinachotafuta vipande vya bakteria kinaaminika, mradi umeacha omeprazoli na ndugu zake wiki 2, na antibaiotiki wiki 4. Ukipimwa huku unameza, jibu laweza kutoka hasi na bakteria wapo. Kile cha damu kinapima kinga, nayo hubaki muda mrefu baada ya kupona. Kurudia kipimo cha damu baada ya dozi na kusema "bado ninao" ni kujitesa bure.

Taifodi ina tatizo lilelile, zito zaidi. Kipimo cha Widal hupima kinga, si bakteria mwenyewe, na kinga huweza kuwepo kwa sababu ya maambukizi ya zamani, chanjo, au magonjwa mengine. Taifodi halisi ni homa inayopanda kwa siku kadhaa, kichwa, kuishiwa nguvu. Kipimo chake cha kuaminika ni kuotesha damu. Mtu asiye na homa, anayelalamika kujaa na kunguruma, hana sababu ya kupimwa Widal hata kidogo. Wangapi wamekunywa siprofloksasini mara tatu kwa mwaka kwa karatasi hiyo moja!

Moto wa ukanda mmoja wa ngozi, upande mmoja tu, usiovuka mstari wa kati, hata nguo ikigusa inaudhi: subiri malengelenge. Mkanda wa jeshi huunguza siku 2 au 3 kabla ya kujionyesha. Malengelenge yakitoka una saa 72 za kuanza asaiklovia ili dawa ifae vizuri, na ni busara kupima VVU wakati huohuo, hasa kwa kijana.

Moto wa chembe ya moyo unaokuja na jasho jembamba, pumzi fupi, au kuelekea taya na mkono wa kushoto, kwa mtu wa miaka 40 na zaidi au mwenye kisukari, upimwe moyo kwanza. Omeprazoli itasubiri.

Saa za kuondoka nyumbani

Kile cha kiganja kilichoishia kwenye kidole kimoja: kidole tumbo huanza kama usumbufu wa kitovuni, hamu ya kula inakufa, na ndani ya saa 12 hadi 24 maumivu yanahamia kulia chini na kuchagua sehemu moja. Mwaka 2012 madaktari wa Uingereza walichapisha utafiti wa matuta ya barabarani: kati ya wagonjwa 34 waliothibitika kuwa na kidole tumbo, 33 walisema maumivu yalizidi gari lilipopita kwenye tuta. Kwa hiyo mgonjwa anayepanda bodaboda na kuhesabu matuta bila kukunja uso pengine hana. Anayemsihi dereva apunguze mwendo aende moja kwa moja penye daktari wa upasuaji, si duka la dawa. Arusha hiyo maana yake ni hospitali kama Mount Meru, Moshi ni Mawenzi au KCMC. Na asipitie kukandwa tumbo njiani. Kidole tumbo kilichojaa usaha kikikandwa huweza kupasuka.

Nenda leo pia kama ngiri iliyokuwa ikirudi ukilala imegoma kurudi, imekuwa ngumu na inauma; kama mvulana ana maumivu ya chini ya tumbo na korodani moja imepanda au haigusiki, maana ikiwa imejisokota ina kama saa 6; kama choo ni cheusi chenye kunata mithili ya lami na hutumii vidonge vya madini ya chuma; kama macho yamekuwa ya njano; kama mtoto anatapika, ana kiu isiyokatika na anapumua haraka kwa kina, kwa sababu kisukari kipya hujitangaza hivyo na kudhaniwa tumbo.

Ndani ya wiki mbili: kupungua uzito bila kutaka, kilo 3.5 kwa mtu wa kilo 70 ndani ya miezi sita. Choo kilichobadili tabia zaidi ya wiki 6. Damu kwenye choo. Damu kupungua kwa mwanamume. Chakula kinachokwama kifuani, kwanza nyama kisha hata mtori. Hilo la mwisho lisicheleweshwe kanda yetu, maana saratani ya koo la chakula huonekana sana Afrika Mashariki.

Yasiyo na hata moja kati ya hayo yanaweza kusubiri daftari la siku 14: saa, mahali, muda, ulichokula, choo, hedhi, dawa, na kilichopunguza. Kurasa mbili za namna hiyo humsaidia daktari kuliko karatasi tano za Widal.

Maumivu yakikubana kabla hujafika, parasetamoli gramu 1 kwa mtu mzima haitamficha daktari ugonjwa. Acha diklofenaki, dawa za kuharisha na mitishamba ya kuchemsha. Kama umeshainywa, sema, hakuna atakayekuripoti. Ultrasaundi ya ini na nyongo hutaka njaa ya saa 6 hadi 8, maji matupu yanaruhusiwa, kwa sababu mfuko wa nyongo hunywea ukila. Ile ya mji wa uzazi kupitia tumboni hutaka kibofu kilichojaa: kunywa kama lita moja saa moja kabla na usiende haja ndogo. Ukiandikiwa zote mbili, omba foleni ya asubuhi, anza na ile ya njaa, na ubebe chupa yako ya maji.